Shaba Iliyotokea Kwenye Baridi

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kulisema. Nikinunua mkate naugeuza kwanza niuone chini. Daktari akiniambia sina ugonjwa, natafuta daktari wa pili. Mke wangu husema hata salamu naipima kabla ya kuiitikia. Tabia hii niliirithi kwa baba, ambaye alikuwa mlinzi wa lango kwenye kiwanda cha shaba hapa Lubumbashi. Kazi yake ilikuwa kuwapapasa wafanyakazi wanapotoka zamu: mifukoni, kwenye soksi, hata ndani ya vyombo vya chakula, maana kipande cha shaba hakikosi pa kujificha. Nyumbani alikula huku akituangalia mikono.

Kwa hiyo nilipopewa kazi ya kutengeneza kifaa cha baridi, kitu cha kwanza nilichofanya ni kubadilisha kufuli ya chumba.

Maabara yetu ni ndogo, iko upande wa barabara ya kwenda Kipushi, na tunapima mawe na udongo wa migodi. Tuna mashine moja ya eksirei. Unasaga jiwe likawa unga, unauweka unga ndani ya mashine, miale inaupiga na kuruka pembeni, na kwenye kompyuta unatokea mstari wenye vilele. Kila madini yana vilele vyake, nawe unayatambua kama unavyoitambua nyumba ya jirani kwa madirisha yake. Ni kazi ya utulivu. Nilikuwa nikiipenda kwa sababu jiwe halina ndugu wala rafiki wa kulitetea.

Shida ililetwa na chumvi. Kwenye kuta za mashimo ya zamani huota chumvi nyeupe ya zinki, yenye maji ndani yake. Wateja walitaka kujua ni chumvi gani hasa, kwa sababu huyeyuka katika maji yanayotiririka kutoka mashimoni. Lakini kila tulipoiweka chini ya miale wakati wa kiangazi, hewa kavu iliinyang'anya maji yake, nayo ikageuka kuwa chumvi nyingine kabla hatujamaliza kupima. Tuliingiza madini moja tukatoa mengine. Dawa yake ni baridi: ukiipoza mpaka nyuzi mia moja chini ya sifuri, maji yanabaki mahali pake.

Kifaa cha namna hiyo kinauzwa ng'ambo. Mkurugenzi wetu, mwanamume mwenye haraka ambaye hata chai huinywa akiwa amesimama, alikwisha kuona kisanduku cha vipuri kikikaa mpakani Kasumbalesa mpaka tukasahau tuliagiza cha nini. Akaniambia, "Weye njo mhandisi. Tengeneza."

Nikachora. Kipande cha shaba chenye ukubwa wa sabuni ya kufulia, na ndani yake njia inayojizungusha kama konokono. Nitrojeni kimiminika, yaani ile gesi iliyopozwa mpaka ikawa maji, ingepita katika njia hiyo na kukipoza kipande chote. Juu yake kibonde kidogo cha kuwekea unga. Kuzunguka vyote, kisanduku chenye madirisha ya plastiki nyembamba, ili miale ipite lakini hewa ya nje isiingie. Niliichagua shaba kwa sababu inapitisha baridi vizuri mno, na pia, niseme ukweli, kwa sababu hapa kwetu mtu akiambiwa atengeneze kitu cha metali mkono wake unaifuata shaba wenyewe. Nilipata bamba safi kabisa, la aina inayotoka kiwandani tayari kusafirishwa, na nikajisifu kwamba hakuna mhandisi wa ng'ambo aliye na shaba kama yangu.

Aliyekichonga ni mzee mmoja mwenye tono, ile mashine ya kukereza vyuma, Mwislamu wa ukoo uliotoka Maniema. Baba yake na babu yake walikuwa mafundi pia. Alifanya kazi polepole, na kila baada ya dakika kadhaa alipitisha kidole gumba juu ya shaba bila kuangalia. Sikumwamini. Niliupima uzito wa bamba kabla sijamkabidhi, nikapima tena kipande pamoja na vumbi lake aliponirudishia. Aliniona nikipima.

Kisha akanipa ushauri, akiniita mhandisi kwa Kifaransa. "Ingénieur, hii shaba tupu itakuya rangi ya majani. Tupake nikeli juu. Niko na ndugu yangu mu Katuba, anapaka bulongo sana."

Aha, nikasema moyoni, anayepaka vizuri ni ndugu yake. Nikamjibu kwamba shaba ibaki kama ilivyo. Akainua mabega, akafuta mikono yake, tukaachana hapo.

Majaribio ya kwanza yaliangukia majira ya mvua, na hewa ilikuwa nzito kama ya bafuni. Kila nilipoanza kupoza, barafu kama punje za sukari iliota juu ya unga, na vilele vya barafu vikasimama katikati ya kioo cha kompyuta vikifunika kila kitu. Niliamini kuna mtu anayefungua kisanduku ninapokuwa nje. Nikapaka poda ya mtoto kwenye kifuniko ili nimnase. Siku tatu mfululizo nilikuta alama za vidole, na zote zilikuwa zangu. Mwishowe nilirudisha sehemu ya ile nitrojeni iliyokwisha tumika, baada ya kuipitisha kwenye mrija mrefu ikapata joto, nikaiingiza kisandukuni iisukume nje hewa yenye unyevu. Barafu ikakoma. Kwa juma zima nilitembea kama bwana harusi.

Hapo ndipo ilipoingia zamu ya msagaji wetu.

Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, Mkatoliki wa kaskazini ya Katanga, binti wa mfanyakazi wa reli. Kila jiwe lililofika kwetu lilipita mikononi mwake. Alisaga kwenye kinu kidogo cha jiwe gumu, akizungusha mchi bila kelele, na alipomaliza unga ulikuwa laini kama wanja. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, nao ulikuwa unaisha mwezi uleule. Alikuwa akisubiri ufanywe upya kama ulivyofanywa kila mwaka kwa miaka kumi na mmoja.

Nilimwagiza aisage chumvi ya zinki, kisha aipake kwenye kibonde changu kwa wembamba wa vumbi la mezani. Unga mnene haupoi sawasawa, chini unaganda na juu unabaki na uvuguvugu wake. Alifanya nilivyotaka. Asubuhi tulipima sehemu moja ya unga kwenye kishikio cha kawaida cha kioo, bila baridi. Sehemu ya pili ilibaki mezani kwake muda kidogo, kisha tukaipima kwenye kifaa changu.

Chumvi ilisimama vizuri. Maji yake yote yalikuwa ndani, vilele safi, hakuna barafu. Nilitaka kupiga kelele za furaha. Kisha, upande wa kulia wa kioo, nikaona vilele vingine ambavyo asubuhi havikuwepo. Vilikuwa vya shaba kamili, shaba ya waya na sufuria, ndani ya chumvi ya zinki.

Mtu wa mji mwingine angeruka kwenye kiti. Sisi hatukuruka. Huku kwetu shaba iko kwenye mawe, kwenye vumbi la barabara, kwenye mabati ya zamani na kwenye mazungumzo. Mkurugenzi alichungulia kioo akiwa na kikombe mkononi, akasema, "Ah, shaba," kama mtu aliyekutana na shemeji yake sokoni, akaenda zake. Hakuna aliyeuliza imetoka wapi. Mimi, kwa kuwa ni mimi, niliuliza ni nani aliyeitia.

Si kwamba swali lilikuwa la kipumbavu. Tumekwisha kuletewa mifuko ambayo wafanyabiashara wameiongezea vumbi la shaba ili jiwe lao lionekane na thamani. Na hapa unga wa asubuhi haukuwa na shaba, wa mchana unayo, na kati ya asubuhi na mchana uligusa meza moja tu. Sababu nilizipata tatu kabla chai haijapoa. Nilikuwa nimesikia msagaji ana kaka anayenunua mawe. Labda kaka anataka mashimo yale yasemekane yana shaba. Labda yeye mwenyewe hakipendi kifaa changu. Labda amechukizwa nilipobadilisha kufuli. Ukishaanza kushuku, sababu hazikuishii.

Tulirudia mara nne, na shaba ikatokea mara nne. Nilianza kusimama nyuma yake akisaga. Niliangalia kucha zake. Nilifuta meza yake kwa kitambaa cheupe na kukichunguza kwa lenzi. Siku moja, wakati wa chakula, alitoka kwenda kunawa mikono na kuacha mfuko wake kwenye benchi mbele ya wenzetu wote. Nikafungua chombo chake cha chakula. Nikainua bukari, ugali wake, kwa kijiko kuangalia chini yake.

Aliporudi alinikuta na kijiko mkononi. Watu wote waliacha kutafuna.

"Papa ingénieur," akasema, "unatafuta nini mu chakula yangu?"

Nikamjibu kwa swali. "Mama, ile shaba inatoka wapi?"

"Mi niko nasaga mawe hapa miaka kumi na moja. Kinu iko ya jiwe. Mukono yangu iko ya nyama. Shaba inatoka wapi? Uniambie weye, juu weye njo unajua ile mashine."

Alifunika chombo chake bila kula. Nami, badala ya kuona aibu, nilisema moyoni kwamba amejibu haraka mno.

Jioni ileile nikamwandikia mkurugenzi barua. Niliandika kwamba unga unachezewa kati ya kinu na mashine, na kwamba kati ya kinu na mashine kuna mtu mmoja. Neno "mwizi" sikulitia. Nilijiona mwadilifu kwa kutolitia. Asubuhi yake, wafanyakazi walipokusanyika uani kama kawaida kabla ya kazi, mkurugenzi aliisoma barua yangu kwa sauti na kumwambia msagaji akae nyumbani mpaka jambo lieleweke. Mkataba ungeangaliwa baadaye. Mama yule alivua koti lake jeupe palepale, akalikunja mara nne, akaliweka juu ya benchi kwa sababu hakuna aliyenyoosha mkono kulipokea.

Nilikishika kinu mwenyewe. Nilisaga chumvi ya zinki kwa mikono yangu, vibaya, jasho likinitoka, nikaipaka, nikapoza, nikapima. Shaba. Unajua nilisema nini? Nilisema ameuharibu mtungi wote wa chumvi kabla hajaondoka. Nikachukua chumvi ya jikoni kwangu, ile tunayotia kwenye mboga ya sombe, nikaisagia nyumbani kwenye kinu cha mke wangu huku akiniangalia kwa huruma. Nikaipima. Vilele vya chumvi, na kando yake shaba ileile. Mungu anisamehe, kwa muda kidogo nilimfikiria mama aliyetuuzia ile chumvi sokoni.

Siku ya pili yake yule mzee wa tono alikuja kukaza kiungo kilichokuwa kinavujisha gesi. Nilisafisha kibonde kwa spiriti kikang'aa, nikafunga kisanduku, nikawasha kila kitu ili tuone kama kiungo kinashika. Mashine nayo niliiacha ipime, kwa mazoea tu. Mzee alichuchumaa akisikiliza mrija. Aliporidhika aliinuka, akakisogelea kioo, maana vilele vilikuwa vinajichora kimoja baada ya kingine, virefu kuliko nilivyowahi kuviona.

"Leo mumeweka nini?" akauliza.

"Hakuna kitu," nikasema.

Nikajisikia nikisema. Mzee hakugeuka kuniangalia. Alipitisha kidole gumba juu ya ukingo wa meza, mara moja, mara mbili.

"Basi ile," akasema polepole, "iko kipande yetu."

Kwa wasiojua kazi hii, nieleze. Kupima chombo kitupu kabla ya kupima kitu chochote ni jambo la siku ya kwanza shuleni. Unga mwembamba hauizuii miale. Miale ilipita kwenye ule wembamba nilioutaka mwenyewe, ikakipiga kipande cha shaba nilichokichagua mwenyewe, ikarudi na habari zake. Kwenye kishikio cha kioo hapakuwa na shaba, ndiyo sababu asubuhi haikuonekana. Kama ningekubali ile nikeli, vilele vya nikeli vingetokea na sote tungeshtuka, maana nikeli si mwenyeji hapa. Shaba iliingia na kuketi na hakuna aliyeiuliza kitu. Mimi ninayegeuza mkate niliwapima wote, mzee, msagaji, muuza chumvi, na sikupima chombo changu. Hapo ndipo nilipoona aibu.

Jumapili mchana nikaenda mtaa wa Katuba, nyumbani kwa msagaji. Nilimkuta amekaa barazani kwake anachagua maharagwe kwenye ungo, bado na nguo za kanisani. Alinipa kiti. Nilimweleza yote, hata habari ya chumvi ya jikoni. Alisikiliza bila kuacha kuchagua.

"Ulianzia kwangu," akasema. "Juu ya nini?"

"Mama, wewe ndiye uliyekuwa karibu na unga."

"Hapana, papa. Ile kipande yako njo ilikuwa karibu. Ilikuwa chini yake."

Akatupa vijiwe viwili nje ya ungo.

"Ulinisema mbele ya bantu. Utasema tena mbele ya bantu. Mi sina maneno mengine."

Kesho yake asubuhi nikasimama uani. Nilisema kwamba msagaji hakuchezea kitu, kosa ni la kifaa changu na la kichwa changu, na namwomba radhi. Nilisema kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa, mtu asije akasingizia hakuelewa. Nilitegemea kwamba maneno yangu yatazima maneno yangu. Wakati wa kunawa mikono nikawasikia wawili bombani, nyuma ya ukuta. Mmoja alisema, "Ule mama alimupa nini?" Mwingine akacheka, akasema, "Jana Jumapili ingénieur alionekana kwake."

Mkurugenzi naye hakufurahi. "Mwezi hii ulisema ni yeye. Leo unasema ni weye. Kesho utasema nini?" Alimrudisha kazini, lakini mkataba akaupa miezi mitatu badala ya mwaka, na akatoa amri: tangu siku hiyo, msagaji asisage peke yake. Lazima awepo shahidi wa kumwangalia tangu mfuko unapofunguliwa mpaka unga unapoingia mashineni, kisha atie sahihi. Shahidi, akasema, nitakuwa mimi, kwa kuwa ndiye niliyeanzisha. Nilimwambia kwamba sasa hakuna sababu tena. Akasema sababu ipo: watu wanaongea.

Asubuhi ya kwanza aliingia, akavaa koti lake, akakipangusa kinu. Nilisimama hatua mbili kutoka kwake na karatasi ya sahihi mkononi. Alifungua mfuko, akamimina, akaanza kuzungusha mchi. Sikuweza. Niligeuka nikaelekea dirishani, nikampa mgongo. Ndiyo heshima pekee niliyokuwa nayo ya kumpa.

Mchi ukasimama.

"Angalia, papa," akasema, bila hasira. "Ukigeuka, kesho batasema tulipatana."

Nikageuka, nikaangalia mikono yake mpaka alipomaliza.